Kwa nini mlio wa kichwani hupanda usiku?

Umeme ukikatika usiku na feni ikasimama, ndipo wengine wanapousikia vizuri: mluzi mwembamba, mvumo kama wa nyenje, au muungurumo wa jokofu ambalo halimo ndani ya nyumba. Aliyelala pembeni hasikii kitu. Mtaani tunasema masikio yanalia. Hospitalini wanaiita tinitasi.

Kwanza hakikisha sauti inatoka kwako. Ziba masikio yote mawili kwa vidole. Ikipungua, chanzo kiko nje: transfoma, pampu ya maji ya jirani, chaja iliyoachwa ukutani. Ikibaki au ikipanda, iko ndani. Kama unachosikia ni maneno, watu wanakusema au kukuamrisha, hiyo si tinitasi. Muone daktari wa afya ya akili, na msaada upo.

Ndani ya sikio kuna koklea, iliyojisokota kama gamba la konokono, yenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000 zinazopokea sauti. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa taarifa kutoka kwa zilizokufa, hufanya kile unachofanya wewe na redio mahali ambapo mawimbi ni hafifu: hupandisha sauti. Stesheni haiji, unakuja mkwaruzo. Mkwaruzo huo ndio mlio. Ndiyo maana wapo waliokatwa kabisa neva ya kusikia na mlio ukabaki palepale.

Hata sikio zima lina mkwaruzo wake. Mwaka 1953 huko Marekani, watafiti Heller na Bergman waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisikia mvumo au mlio fulani. Kwa hiyo usiku hauongezi ugonjwa. Unaondoa tu sauti zilizokuwa zikiufunika mlio.

Kinachoua seli mara nyingi ni kelele. Wataalamu wa usalama kazini huweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Anayeshinda kwenye mashine ya kusaga au mbele ya spika za baa ahesabu mwenyewe. Dawa nazo zimo. Kwinini, na aspirini ya dozi kubwa, huleta mlio ambao kwa kawaida hutulia dawa ikiisha. Gentamaisini na streptomaisini zinaweza kuacha madhara ya kudumu. Usikatishe dozi peke yako. Mwambie aliyekuandikia siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine ni nta tu, iliyoshindiliwa ndani na vijiti vya pamba. Mafuta ya zeituni ya vuguvugu, matone 2 au 3, mara 2 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, huilainisha. Usiweke chochote kama sikio linatoa usaha au kiwambo kimetoboka. Likisafishwa kliniki, maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Ya baridi au ya moto huleta kizunguzungu palepale. Vitunguu saumu na mafuta ya moto havina kazi humo.

Usisubiri ikiwa usikivu umepotea ghafla: nenda leo, kwa sababu dawa husaidia zaidi zikianza mapema. Mlio wa sikio moja tu nao uchunguzwe. Shika mapigo ya mkono. Kama mlio unadunda sambamba nayo, unahitaji kupimwa presha, damu na mishipa.

Wengi huambiwa tu “zoea”, na huo ni ukatili, maana kuzoea kuna namna yake. Washa sauti laini isiyo na maneno, kama mvua au feni, mita moja au mbili kutoka kitandani, si kwenye spika za masikioni. Iweke chini kidogo ya mlio ili usikie vyote viwili. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kujifunza kuupuuza, na sauti ikizimwa mlio unarudi na kishindo. Iache hadi asubuhi, kila usiku. Mchana usizibe masikio pasipo kelele. Ukimya huufanya ubongo upandishe zaidi. Usikivu ukiwa umepungua, shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, hurudisha sauti zilizokosekana, na wengi hupata nafuu.

Dawa ya kuufuta mlio bado haipo. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra hupunguza mateso yake hata pale usipopungua wenyewe. Huchukua miezi, na nafuu haipigi hodi: jioni moja unashtuka kwamba tangu asubuhi hukuukumbuka.