Kwa Nini Chembe za Kiini Huvutana, na kwa Nini Mvutano Huo Haufiki Mbali

Wanafunzi wa Kigoma wanaohudhuria mihadhara yetu ya fizikia huuliza: ikiwa protoni zote zina chaji chanya na hivyo husukumana, ni nini kinachozishikilia ndani ya kiini cha atomu?

Wengi hujibiwa kwa mfano wa watu wawili wanaorushiana mpira, kila mmoja akiwa katika mtumbwi wake, mpira ukiwakilisha chembe inayopita kati yao. Mfano huo siupendi. Anayerusha husukumwa nyuma, anayedaka naye husukumwa nyuma, na mitumbwi hutengana, kwa hiyo kuvutana hakuelezeki hata kidogo.

Ni afadhali kuanza na uga wenyewe, yaani kile kilichoenea kila mahali ambacho kupitia kwake chembe huathiriana. Uga wa skala ni ule ambao kila mahali una thamani moja isiyo na mwelekeo, kama lilivyo joto la maji ya Ziwa Tanganyika katika kila kina. Chembe hubadilisha uga unaoizunguka, na chembe mbili za aina moja zinapokaribiana, mabadiliko hayo hujumlishwa kwa namna ambayo nishati ya jumla hupungua kadiri zinavyosogeleana. Na kwa kuwa kani huelekea upande ambao nishati hupungua, chembe hizo huvutana. Katika uga wa sumakuumeme, hesabu hutoa alama iliyo kinyume, ndiyo maana chaji zinazofanana husukumana.

Mvutano huo hufika wapi? Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanajua kwamba mwanga wa karabai hufifia unaposambaa, na hufifia zaidi unapomezwa na maji yenye tope. Mwaka 1935 Hideki Yukawa wa Japani alionyesha kwamba kani ya uga hufifia kwa namna inayofanana na hiyo, na nafasi ya tope huchukuliwa na tungamo la chembe ya uga, yaani kifurushi kidogo cha nishati ya uga huo. Gawanya 197 kwa tungamo hilo, likipimwa kwa elektronivolti milioni (kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa tungamo), nawe utapata umbali kwa femtomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni bilioni ya mita. Pioni, chembe ya uga unaoshikilia kiini, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika miale ya anga, ina tungamo la takriban 140 kwa kipimo hicho, hivyo jibu ni femtomita 1.4, umbali unaolingana na nafasi iliyopo kati ya chembe za kiini, yaani protoni na nyutroni. Kwa ukamilifu niseme kwamba pioni si skala halisi, kwani alama yake hugeuka katika taswira ya kioo, na kani yake hutegemea pia mwelekeo wa mzunguko wa ndani wa chembe. Lakini kanuni ya umbali haibadiliki.

Chembe ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012 katika CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ni skala halisi, nayo ina tungamo la takriban 125,000. Mvutano wake huishia kwenye femtomita 0.0016, ndani kabisa ya protoni moja.