Ushuru wa mazao humwangukia nani? Maelezo kutoka Muheza na Tanga

Msimu uliopita wa machungwa nilikaa asubuhi nzima kando ya barabara inayopanda kutoka Muheza kuelekea Amani, mahali ambapo wakulima hushusha mizigo yao kusubiri magari ya wanunuzi. Mzee mmoja aliyekuwa amefunga matenga mawili kwenye baiskeli alinisogelea, na alipojua kazi yangu akaniuliza: "Mwanangu, hebu niambie wewe uliyesoma. Huu ushuru wa halmashauri naulipa mimi au anaulipa mwenye gari?" Nilimjibu kwamba mlipaji ni mnunuzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwenye gari humkata ushuru huo kwenye bei kabla hata hajapakia tenga la kwanza. Mzee alikuwa ameuliza swali la uchumi, nami nilikuwa nimemjibu swali la sheria. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Kwa miaka mingi nimekuwa mchumi wa kilimo katika halmashauri, na siku hizi ninawasaidia madiwani kusoma na kuandika sheria ndogo. Nimegundua kwamba tunapozungumzia namna serikali za mitaa zinavyoweza kuwainua wakulima, fikra zetu hukimbilia pembejeo: mbegu, matrekta, mbolea ya ruzuku. Hivyo vyote ni vyema, lakini kwa sehemu kubwa hutoka serikali kuu, na halmashauri huvigawa tu. Mamlaka yake yenyewe yako kwingine. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimeipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, kutoza ushuru, kuendesha masoko na magulio, na kuamua fedha zake za ndani zitumike wapi. Kwa uwezo huo halmashauri inaweza kumnufaisha mkulima kabla haijatoa hata shilingi moja, na kwa uwezo huohuo inaweza kumuumiza bila kukusudia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mkoa wetu. Tanga ilizoea mazao makubwa yenye wasimamizi wake. Mkonge, ulioletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, una bodi yake. Chai ya Usambara ina bodi, na korosho vilevile. Chungwa la Muheza halina bodi yake, wala karoti na kabichi za Lushoto. Kwa mkulima wa mazao hayo, serikali anayokutana nayo siku ya kuuza ni mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, na kijana aliyeshika mashine ya kukatia risiti (POS) kwenye geti la ushuru. Sera yote ya kilimo anayoijua ni ile inayopita mikononi mwa watu hao watatu.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Ushuru wa mazao zamani ulifikia asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 ulipunguzwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Yalikuwa mageuzi makubwa na ya haki. Hata hivyo, kupungua kwa kiwango hakuelezi ni nani anayebeba mzigo wa kile kilichobaki. Mzigo wa ushuru humwangukia asiyeweza kusubiri. Mwenye gari akiona bei ya Muheza haimpendezi, anaweza kwenda kijiji cha pili au kurudi kesho. Machungwa yaliyokwisha kuchumwa hayana kesho nyingi, na mwenye nayo ana ada ya mtoto ya kulipa. Katika majadiliano ya namna hiyo, mnunuzi huutoa ushuru mfukoni mwake na kuurudisha kwa kushusha bei, na risiti hubaki na jina lake.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba kipimo cha sera nzuri ya halmashauri ni kimoja: je, inamwongezea muuzaji uwezo wa kusubiri, au inampunguzia?

Chukua namna ushuru unavyokokotolewa. Kwa kuwa ni kazi ngumu kujua bei halisi ya kila shamba, halmashauri nyingi hujiwekea bei ya makadirio, kisha hutoza kiasi kimoja kwa kila tenga au gunia. Tuseme tenga limeuzwa shambani kwa shilingi 20,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 400. Lakini ikiwa jedwali la halmashauri liliandikwa kwa kufuata bei ya sokoni mjini, tuseme shilingi 35,000, basi geti litadai shilingi 700, ambazo ni asilimia 3.5 ya kile mkulima alichopokea. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyevunja agizo kwa makusudi. Jedwali limepitwa na wakati tu, na hakuna aliyepewa jukumu la kulirekebisha. Pia kuna utata wa chungwa lenyewe: je, ni zao la chakula au la biashara? Sheria ndogo isipotamka, kila mkusanyaji atajijibu mwenyewe, na kwa kawaida atachagua kiwango cha juu, kwa sababu yeye hupimwa kwa makusanyo.

Kuna madhara mengine ya kutoza kwa gunia ambayo ninayasema kwa uchungu, kwa sababu katika halmashauri moja niliyoitumikia niliwahi kushiriki kuandika jedwali la aina hiyo. Ushuru ukiwa ni kiasi kimoja kwa gunia, mnunuzi hupata faida kila anapolijaza gunia kupita kiasi, kwa kuwa gunia la kilo 130 hulipiwa sawa na gunia la kilo 100. Tunakemea lumbesa, yaani ujazaji huo, mikutanoni, Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi, na sheria ya vipimo inakataza; wakati huohuo jedwali letu la ushuru linamtuza anayeifanya. Mkulima wa viazi wa milima ya Lushoto hupoteza mara mbili, kwanza kilo ambazo hazikulipiwa, na pili mapato ambayo halmashauri yake ingeyapata kutokana na kilo hizohizo. Dawa yake si kuongeza mgambo barabarani. Dawa ni kutoza kwa kilo, na ili utoze kwa kilo ni lazima uwe na mizani katika kila kituo cha kukusanyia mazao. Mizani ni chombo cha bei ndogo ukilinganisha na gari la doria, na inafanya kazi ambayo doria haiwezi kuifanya, kwani humpa muuzaji namba ya kushikilia anapobishana.

Kituo cha kukusanyia mazao nacho hakihitaji kuwa jengo la fahari. Paa, sakafu ya saruji, maji, choo na ubao wa bei vinatosha kwa kuanzia. Mazao yaliyo kivulini yanaweza kusubiri siku moja zaidi kuliko yaliyo juani, na wauzaji hamsini waliokaa mahali pamoja huwavuta wanunuzi wawili au watatu badala ya mmoja. Mnunuzi wa pili anapofika, kile nilichokieleza kuhusu mzigo wa ushuru huanza kubadilika, kwa kuwa sasa mnunuzi naye anaogopa kukosa mzigo. Katika Muheza, ambako magari ya wanunuzi kutoka Kenya huingia kupitia mpaka wa Horohoro, ushindani huo unawezekana kabisa msimu unapochanganya.

Jambo ambalo halmashauri nyingi hazijaligusa ni uuzaji wa machungwa yakiwa bado mtini. Mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa humwita mnunuzi akadirie shamba kwa macho, analipwa kidogo, na miezi michache baadaye anasimama pembeni akiangalia gari likipakia mali iliyokuwa yake. Wako wanaotaka kupiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ndogo. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu anayeuza chungwa bichi anatafuta mkopo ambao hakuupata kwingine, na ukimfungia mlango huo bila kumfungulia mwingine utakuwa umemwongezea dhiki.

Mlango mwingine upo. Tangu mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kasoro ninayoiona kwa mkulima ni ya kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi, na vuli kuanzia Oktoba. Halmashauri ya wakulima hukusanya vizuri baada ya mavuno, kwa hiyo fedha za mikopo zingeweza kuwa tayari kufikia Desemba, zikamfikia mkulima Januari au Februari, wakati wa kutayarisha shamba na wakati ada za shule zinapodaiwa, yaani wakati uleule ambao chungwa bichi huuzwa mtini. Mkopo ukitolewa Mei utanunua bodaboda. Bodaboda ina faida zake, lakini haitaliokoa chungwa.

Mfano bora wa kuongeza uwezo wa kusubiri tunao hapahapa Tanga, nao ni maziwa. Maziwa ya asubuhi yasipopoozwa huwa yameharibika kabla ya jioni, kwa hiyo hakuna bidhaa inayomwacha muuzaji mnyonge zaidi. Kuanzia miaka ya 1980, mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi uliwafikishia wafugaji wadogo ng'ombe bora na mafunzo. Baadaye wafugaji wakaunda ushirika wao, vituo vya kukusanyia vyenye matangi ya kupoozea vikaenea, na kiwanda cha Tanga Fresh kikapata maziwa ya kusindika. Leo mama mwenye ng'ombe wawili anapeleka ndoo yake kituoni akijua bei kabla hajatoka nyumbani. Tangi la kupoozea ndilo lililobadilisha mazungumzo yake na mnunuzi. Wajibu wa halmashauri katika mnyororo huo ni mdogo kwa sura na mkubwa kwa matokeo: majosho yenye dawa, chanjo kwa wakati, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya malisho katika mipango ya matumizi bora ya ardhi, na sheria ndogo za ufugaji mjini zinazodhibiti samadi na harufu bila kuwafukuza wafugaji wenyewe.

Kuhusu barabara nitasema machache, kwa kuwa tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wake wa serikali, TARURA. Bado halmashauri inaweza kupeleka vipaumbele vyake, na kipaumbele cha kwanza kiwe kipande kinachokatika kila masika kati ya shamba na kituo cha kukusanyia, hata kama hakionekani na wageni.

Mnunuzi mwingine aliye karibu ni halmashauri yenyewe, pamoja na shule zake. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni umeweka utaratibu wa wazazi kuchangia chakula cha wanafunzi, na katika vijiji vingi mchango huo ni mahindi na maharage. Nimeona shule ikinunua maharage kwa mfanyabiashara wa mjini ilhali chama cha msingi cha ushirika kwenye kata hiyohiyo kina gunia zake ghalani. Sababu mara nyingi ni za kiutaratibu: chama hakijasajiliwa kwenye mfumo wa ununuzi wa umma, hakina mtu wa kujaza fomu, na kinaogopa kucheleweshewa malipo. Afisa ushirika na afisa biashara wanaweza kuyamaliza mawili ya kwanza kwa wiki moja ya kukaa na viongozi wa chama. La tatu linamhusu mkurugenzi, na ndilo zito. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kuidai serikali miezi minne asitikisike. Kikundi cha wanawake wanaosaga unga wa lishe hakitafika mwezi wa pili. Kumlipa mzalishaji mdogo ndani ya siku 14 ni sera ya kilimo, ingawa itaandikwa kwenye faili la mhasibu.

Yote haya hupitia njia moja. Rasimu ya sheria ndogo huandaliwa na halmashauri, hutangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi, hupitishwa na Baraza la Madiwani, kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ili airidhie. Ile hatua ya maoni mara nyingi hupita kimya, kwa sababu tangazo hubandikwa ukutani mwa ofisi ya wilaya katika lugha ya kisheria, na mkulima wa Amani hana sababu ya kupita hapo.

Kwa hiyo rasimu ninayoishughulikia sasa niliipeleka mwenyewe kijijini kabla haijabandikwa. Kifungu cha kwanza kinasema ushuru utatozwa kwa kilo. Cha pili kinasema bei ya kukokotolea itabandikwa kwenye ubao kila wiki ya msimu. Cha tatu kinalitaja chungwa kwa jina na kuliweka kwenye mazao ya chakula. Yule mzee wa baiskeli aliisoma polepole, akanirudishia karatasi na kuniuliza mizani itakaa wapi, kwa mnunuzi au ofisi ya kijiji. Rasimu ilikuwa haijasema. Sasa kuna kifungu cha nne: mizani itakaa ofisi ya kijiji, na mtunzaji wake atachaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji.