Chuki binafsi na uhalifu wa chuki ni vitu viwili, tuelewane

Jamani hili neno uhalifu wa chuki limeingia mtaani vibaya. Mtu kakosa tenda ya kupeleka mchanga saiti, kafanyiwa uhalifu wa chuki. Shabiki wa Yanga kapigwa madongo kijiweni Ngarenaro, hapa Arusha, siku Simba kashinda, uhalifu wa chuki. Juzi kwenye grupu la wasapu la mtaa dada mmoja kalalamika jirani anammwagia maji machafu mlangoni, wakamshauri akaripoti uhalifu wa chuki, wakati grupu zima linajua hao wawili wanagombania mpaka tangu wazee wao wako hai.

Maana yenyewe fupi. Kwanza liwepo kosa la jinai: kupiga, kutishia, kuchoma, kuharibu mali, kuua. Pili, aliyetendewa awe kachaguliwa kwa sababu ya kundi alilomo au analodhaniwa kuwamo, yaani rangi, kabila, dini, ulemavu, alikotoka, na kuna nchi zinaongeza makundi mengine. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili unaongelea jambo lingine.

Sasa hapo kwenye "kachaguliwa" ndo watu wanapotelea. Jirani wa maji machafu anamchukia yule dada, yeye kama yeye, na ukoo wake na hicho kipande cha mpaka. Mtoe yule dada, mlete mpangaji mwingine wa kabila lile lile na dini ile ile, ugomvi umekufa hapo hapo. Hiyo ni chuki binafsi, Kiswahili kilishaipa jina siku nyingi, na inaweza kuwa kosa pia na ukamfikisha mtu polisi vizuri tu. Kwenye uhalifu wa chuki ni kinyume: unaweza kumtoa aliyepigwa ukamweka mwingine wa kundi lile lile na mapigo yangeendelea kama kawaida. Wanaokumbuka lile bomu la kanisani Olasiti, hapa Arusha, tarehe 5 Mei 2013, parokia inazinduliwa, watu watatu wakafa na makumi kuumia, wanajua ninachosema, bomu halikuuliza nani ana bifu na nani. Na ndo maana hofu haikubaki Olasiti, Jumapili iliyofuata watu wa parokia nyingine kabisa walikuwa wanaangalia begi la jirani kwenye benchi.

Kosa la pili ndo linaniudhi zaidi, na wanaolifanya ni watu wazima wenye akili zao. Ukitaja mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino anatokea mtu anakwambia pale hakuna chuki, pale ni ushirikina na tamaa ya hela, waliokata viungo hawakumchukia mtu walitaka utajiri. Sawa, tamaa ipo na waganga wapo. Lakini mbona hawakumfuata wewe? Walimpita mwenye duka, wakampita mwenye ng'ombe, wakavunja nyumba ya mtoto wa ngozi fulani. Huko kuchagua ndo kiini chenyewe, hasira ya moyoni haihitajiki, mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa utulivu kabisa kama anachinja kuku na bado ikawa uhalifu wa chuki. Mauaji yale yalitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 hivi, na mwaka 2024 tukasikia tena la mtoto mwenye ualbino aliyeuawa Muleba, Kagera. Usiseme ni mambo ya huko ziwani. Hapa hapa Arusha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu Februari 2025 kwamba serikali yetu ya Tanzania haikuwalinda watu wenye ualbino inavyotakiwa.

Na hapo jirani Moshi, Mbuyuni, mama mmoja anayeuza ndizi alikuwa na binti yake mwenye ualbino, vijana wakapita wakisema "dili hilo", yaani hela hiyo inatembea, mmoja akamvuta mtoto mkono, mama alipomzuia wakapiga teke meza ndizi zikamwagika. Alienda kuripoti na karatasi ikaandikwa ameharibiwa mali, basi. "Dili" haikuandikwa, mkono kuvutwa haukuandikwa. Wakati ile "dili" ndo kesi yenyewe! Bila hilo neno unabaki na ndizi za elfu kumi na vijana wakorofi. Ukiwa nalo unajua mtoto yule yuko hatarini na hata kesho watarudi.

Kauli za chuki nazo ni kitu cha tatu, ni maneno bila kipigo, ingawa yanaweza kuwa kosa kivyake. Mji huu wa Arusha ungepaswa kulijua hili kuliko miji yote maana kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ilisikilizwa hapa hapa kwenye jengo la mikutano la AICC, hukumu ikatoka Desemba 2003, watu wakafungwa kwa redio na gazeti vilivyoita binadamu mende. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa maudhui na matusi ya kibaguzi yanayorushwa mtandaoni. Utani wa Mchaga na Mpare haumo humo jamani, utani una watani, kila mmoja anajua zamu yake itafika, na msibani unakuta hao hao ndo wanabeba maji. Ila ukiona anayecheka ni mmoja tu huo siyo utani tena.

Sasa kuripoti. Sheria zetu hazina kosa linaloitwa uhalifu wa chuki, kwahiyo watu watashtakiwa kwa shambulio, kutishia, kuharibu mali, chochote kilichotendeka. Ndo maana yale maneno waliyosema ni mali, yaandike kwenye simu kabla hujasahau, vile vile yalivyotamkwa hata kama ni machafu, usiyapambe wala usiyafupishe kuwa "walinitukana". Walivyovaa, pikipiki namba gani, nani alikuwepo. Picha za skrini kama ilikuwa mtandaoni, na usifute hata kama yanakuchoma. Ukiumia chukua PF3 kituoni, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hali ikiwa mbaya hospitali kwanza fomu itafuata. Dai namba ya RB, ile ya kuonyesha taarifa yako imeandikwa kituoni. Maelezo yako uyasome au usomewe kabla hujasaini, na kama neno lenyewe halimo, mwambie afande kwa heshima, naomba hili liongezwe. Mwanamke au mtoto aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Dharura ni 112, ya mtoto ni 116.

Ukihisi kituoni wamekupuuza kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inayopokea malalamiko, kuna ustawi wa jamii halmashauri, na kuna wasaidizi wa kisheria wa bure, sheria yao ni ya 2017. Kwa ualbino kuna chama chao cha kitaifa. Na usiende peke yako, nenda na mtu ambaye hatatetemeka, maana anayetoka kupigwa anasahau nusu ya mambo.

Wenye ndugu Uingereza waambieni kule mambo yako wazi zaidi. Kijana Stephen Lawrence aliuawa London mwaka 1993, polisi wakavurunda, Ripoti ya Macpherson ya 1999 ikasema tukio lihesabiwe la kibaguzi endapo aliyetendewa au mtu mwingine yeyote ameliona hivyo. Polisi wakaupeleka utaratibu huo hadi kwenye dini, ulemavu, mwelekeo wa kijinsia na watu waliobadili jinsia. Maana yake siku ya kuripoti hudaiwi ushahidi wa nia ya mtu, unasema tu ulivyoona, ushahidi ni wa mahakamani. Namba ni 999 kwa dharura na 101 kama hatari imeshapita, na shirika la Victim Support linasaidia hata ambaye hajaenda polisi. Wabongo wengi kule wanakaa kimya wakiogopa habari za vibali, kumbe msaada wa hivyo haukulazimishi kuanzia kituoni.

Kwahiyo dada wa maji machafu, pole sana, hilo lako lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au baraza la kata. Na wewe ambaye limekukuta lile lenyewe, ukifika kaunta usianze na "nimefanyiwa uhalifu wa chuki", afande atakuuliza hiyo fomu iko wapi. Sema nimepigwa, na wakati wananipiga walisema hivi.