Banjo sio chombo cha wazungu jamani

Watu wengi wakisikia banjo, ile ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, picha inayowajia ni mzungu wa milima ya Appalachia huko Marekani na muziki wake wa kantri, kama vile chombo kilizaliwa huko. Hapana kabisa. Walioanza kuitengeneza ni Waafrika waliokuwa watumwa visiwa vya Karibiani miaka ya 1600, buyu linakatwa linawambwa ngozi, linatiwa mti na nyuzi chache, na ndugu zake bado wanapigwa Afrika Magharibi mpaka leo, mfano akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ambayo nayo ina uzi mfupi wa kidole gumba na inapigwa kwa ukucha kushuka chini, yaani staili ileile ya banjo ya zamani ya Marekani, sasa hapo utabisha nini.

Wazungu waliidaka miaka ya 1830 na 1840, akina Joel Sweeney wa Virginia, wakajipaka masizi usoni wakapanda jukwaani kuwakejeli haohao waliowafundisha, na hii ndo sehemu inayoniuma sana. Hata jazi iliihitaji, Johnny St. Cyr aliipiga kwenye Hot Five, bendi ya Louis Armstrong, 1925. Hiyo bluegrass, kantri ya kasi, ya Earl Scruggs aliyepiga banjo kwa vidole vitatu, imekuja 1945 hivi, watu weusi wameshapiga banjo karne mbili na zaidi! Siku hizi Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi wa Marekani, anairudisha nyumbani, ile banjo kwenye wimbo Texas Hold 'Em wa Beyoncé wa 2024 ni yeye.