Je, wajua? Mbona shule moja ya Iten inatoa mabingwa wa dunia na sisi Mombasa hatutoi

Uliza swali hili kwenye baraza lolote la kahawa hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale mpaka Kisauni, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza: ni hewa. Mmoja atasema kule Iten hewa ni safi, oksijeni tele, sisi huku ni joto na chumvi tu. Wa pili atamkata kalima, a-a, kule oksijeni ni kidogo ndio maana mapafu yao ni makubwa. Hapo kahawa inapoa na ubishi hauishi, na kusema kweli wote wawili wamekosea, ila huyu wa pili amekosea akiwa karibu sana na ukweli.

Kwanza shule yenyewe. Inaitwa St Patrick's High School, iko Iten, kaunti ya Elgeyo Marakwet. Ni shule ya umma, ya wavulana, ya bweni, ilianzishwa na mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kina Mike Boit walipita hapo, huyo alichukua shaba ya mita 800 kwa Olimpiki ya Munich 1972 halafu akasoma mpaka akawa profesa pale Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ibrahim Hussein, aliyeshinda Boston Marathon 1988, 1991 na 1992. Peter Rono, dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988 akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir, dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Wilson Kipketer, yule aliyehamia Denmark akaja kuweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 sekunde 41.11, mwaka 1997. Pale shuleni kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa, kila mti na kibao chake cha jina. Shule nyingine zina ukuta wa mahedboi, hawa wana msitu.

Sasa turudi kwa hiyo hewa manake ndipo watu wengi wanapopotea.

Hewa ya Iten ina oksijeni asilimia 21 hivi. Hewa ya Likoni ina oksijeni asilimia 21 hivi. Panda mpaka kilele cha Mlima Kenya, asilimia ni ileile. Kwa hivyo anayesema kule kuna oksijeni nyingi hana lake, na anayesema mchanganyiko wa hewa wenyewe ni tofauti pia hana. Kinachobadilika ni presha. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu uzito wa hewa inayokukandamiza ni kama robo tatu tu ya ule wa huku pwani. Ukivuta pumzi, kifua kinajaa vilevile, lakini kilichoingia ni kichache.

Lakini kwa nini presha iwe na maana hivyo? Mkaazi yeyote wa Mombasa anaweza kulielewa hili kwa feri ya Likoni. Chukulia abiria ndio oksijeni, na feri ndio hemoglobini, ile protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kupeleka kwa misuli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi upande wa Likoni, geti likifunguliwa we mwenyewe wajua, huhitaji hata kutembea, umati wa nyuma unakusukuma mpaka unajikuta ndani, feri imejaa kwa dakika chache. Feri haikuvuta mtu. Ni msukumo wa umati, na msukumo huo ndio presha. Sasa rudi pale saa nane mchana. Watu ni walewale, wakubwa kwa wadogo, mchanganyiko haujabadilika, ndio maana nasema asilimia si hoja. Ila wako wachache, wametawanyika, geti likifunguliwa wanaingia polepole wakila mihogo yao, na feri inang'oa nanga ikiwa na nafasi. Iten ni saa nane mchana kutwa nzima.

Mtu akiwa amekaa tu kule juu hata hahisi, nafasi zinazobaki wazi ni chache, watu wangapi hapa wameenda kwa harusi Eldoret wakarudi bila kuona tofauti isipokuwa baridi. Mambo hubadilika ukianza kukimbia. Moyo unazidisha kasi, feri zinakuja na kuondoka mbiombio, kila moja inatia gati kwa muda mfupi zaidi, na abiria wenyewe ni wale wavivu wa saa nane, kwa hivyo zinaondoka nusu mikono mitupu huku ng'ambo ya pili misuli inapiga kelele iko wapi watu. Ndio maana mgeni kutoka Mombasa akikimbia Iten siku ya kwanza anatapia hewa kwenye kilima ambacho watoto wa shule wanapanda wakipiga gumzo.

Halafu kuna figo. Figo ndio meneja wa shughuli yote hii, yenyewe haihesabu feri, inaangalia tu abiria wangapi wanafika. Ikiona wanapungua inatoa homoni inayoitwa EPO (ndio hiyohiyo ambayo wanariadha wengine hujidunga kimagendo na kufungiwa), homoni inaenda mpaka kwenye uboho wa mifupa na ujumbe mmoja: leteni feri zingine. Uboho unaunda chembe nyekundu zaidi. Lakini kuunda feri si kazi ya usiku mmoja, inachukua wiki kadhaa, na kila chembe ikishaingia kazini inahudumu kama siku 120 kisha inastaafishwa. Siku za mwanzoni mlimani damu ikipimwa huonekana nzito, watu wakafurahi, kumbe mwili umepunguza maji ya damu tu, feri ni zilezile, bahari ndio imepungua.

Kwa hivyo yule bwana wa pili pale barazani alikuwa karibu. Siri haiko kwa mapafu makubwa, iko kwa damu yenye wabebaji wengi, na mtoto aliyezaliwa na kukulia kule ameishi hivyo maisha yake yote.

Wengi huishia hapo wakaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. La Paz kule Bolivia iko juu kama mita 3,600, juu zaidi ya Iten kwa mbali, sasa nitajie mabingwa wangapi wa Olimpiki wa mita 1500 kutoka Bolivia. Nepal je, Tibet je? Na hata hapa Kenya sehemu za juu ni nyingi mno, shule za umma ni nyingi mno, lakini orodha kama ile ya St Patrick's huikuti kila mlimani. Mwinuko unakupa damu, lakini kuna kitu kingine kinachoigeuza hiyo damu iwe medali.

Kitu hicho kwa sehemu kubwa naona ni shule kuwa shule. Mwaka 1976 alikuja bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa na historia yoyote ya ukocha. Riadha ya pale ilikuwa mikononi mwa Mwingereza Pete Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyeshinda shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka huohuo, na Foster alipoondoka mwalimu wa jiografia akabaki na saa ya kupimia muda. Hakuondoka tena. Akaja kuwa mpaka mwalimu mkuu. Mwaka 1989 akaanza kambi za vijana wakati wa likizo na wasichana wakaingia, japo shule ni ya wavulana, na ndani ya muda mfupi Lydia Cheromei akashinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa wasichana chipukizi kule Antwerp 1991, ana miaka 13. David Rudisha yeye hakusoma St Patrick's, alisoma shule jirani, lakini alinolewa na bruda huyuhuyu, na ndiye aliyekuja kuivunja rekodi ya Kipketer.

Ukiiangalia vizuri unaona bweni lina kazi yake hapa. Mtoto wa fomu one analala chumba kimoja na wa fomu four anayeenda nationals, anaamka naye alfajiri, anamfuata nyuma mpaka siku moja anamshinda. Na masomo nayo hayakuwekwa kando, manake njia ya kutokea miaka hiyo ilikuwa skolashipu ya vyuo vya Marekani, na skolashipu haiji kwa miguu mitupu, inataka na gredi. Rono alienda Mount St. Mary's, Hussein akaenda New Mexico.

Wanasayansi nao walikuja kuchungulia. Mswidi mmoja, Bengt Saltin, alileta wakimbiaji wa Skandinavia wapimwe pamoja na wenzao wa Kenya, wakiwemo wanafunzi wa St Patrick's, na utafiti ukachapishwa 1995. Ajabu ni kwamba kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wa Mkenya unaweza kutumia hakikuwapita sana wakimbiaji wakubwa wa Ulaya. Walichowashinda nacho ni uchumi, yani kwa kasi ileile Mkenya anatumia oksijeni kidogo zaidi, na sehemu ya sababu inadhaniwa ni yale mashavu membamba ya miguu. Hapo ndipo watu huruka mpaka kwa jeni, lakini hakuna jeni moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo jeni ya mbio, kwa hivyo mtu akikwambia ni damu ya ukoo mwambie alete ushahidi.

Sasa sisi. Kusema Mombasa hatuna michezo ni uongo, Serani na Shimo la Tewa ni majina ya mpira wa miguu ambayo hata bara wanayajua. Ila kwa mbio ndefu tuna adui mwingine ambaye hatajwi sana, joto lenye unyevunyevu. Ukikimbia, mwili unapeleka damu kwa ngozi ipoe, damu hiyo imeibiwa kwa misuli. Jasho linatakiwa likauke ndipo likupoze, na hewa yetu ya mwezi wa tatu imeshajaa maji, jasho linatiririka tu mpaka kwa viatu bila faida.

Dunia iliyaona haya Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapahapa, uwanja wa gofu kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio fupi na ndefu zote mbili miaka 5 mfululizo, alijitoa njiani. Akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea, Moses Mosop na Bernard Kipyego wetu wakafuata, na upande wa wanawake akashinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Joto liliwachagua, lakini angalia tena hayo majina, wote bado ni watu wa milimani. Unyevu wa Mombasa ulimwangusha mfalme na haukumpa taji mtu wa pwani.

Na usidhani mbio fupi zitatuokoa. Hewa nyepesi ya juu haimzuii sana mkimbiaji wa mita 100, ndio maana rekodi kibao za mbio fupi na kuruka zilivunjwa Mexico City 1968 kwenye mita 2,240, na Ferdinand Omanyala wetu alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani 2021, Nairobi, ambako pia ni juu. Kwa hivyo sisi tuna hewa nzito ya kutuzuia mita 100 na joto la kutuzuia mita 10,000, tunapigwa huku na huku wallahi.

Lakini kuna kitu kimoja tunacho. Mazoezi makali kabisa yanafanyika vizuri zaidi chini, ambako feri zinajaa. Mwaka 1997 watafiti Levine na Stray-Gundersen walichapisha matokeo kwamba wakimbiaji walioishi mita 2,500 lakini wakashuka mpaka mita 1,250 kufanya mazoezi waliimarika kwa mita 5,000 kuliko walioishi na kufanya mazoezi kulekule juu. Tafiti nyingine baadaye zilitoa majibu yanayoyumba kidogo, na miili haiitikii sawa, wapo wanaopanda mlima wakarudi na damu ileile. Kuna pia wanaodokeza kwamba mazoezi ya joto yanaongeza maji ya damu na kumsaidia mtu hata kwenye baridi, hilo bado linabishaniwa.

Na kwa shule za huku zinazofuzu kupeleka timu bara, makocha wengi wanashauri hivi: ama fika wiki mbili tatu mapema mwili uzoee, ama ukishindwa fika dakika za mwisho kabisa ukimbie kabla mwili haujaanza kuvurugika, siku zile za katikati ndizo mbaya. Ushahidi wa hilo la pili si mzito. Ila wiki mbili za kulala bara ni pesa ambazo hamna mwalimu mkuu wa pwani atakayezitia sahihi, kwa hivyo lile basi la shule linaloondoka Mombasa limechelewa na kuingia Eldoret usiku wa manane, watoto wakikimbia asubuhi yake, limefuata sayansi bila kuambiwa na mtu.