VAT ya saruji haitashusha bei ya kitanda

"Serikali iondoe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye saruji na nondo, hosteli za wanafunzi zitakuwa bei poa." Jamani, shikeni kikokotoo kwanza.

Chukua takwimu za mfano. Kitanda kimoja kwenye hosteli mpya Roysambu, Nairobi, ardhi ukiiweka kando, kimekula shilingi 600,000 kujengwa. Mkopo wa benki wa 14% kwa miaka 10 unadai kama 115,000 kila mwaka. Mwanafunzi analipa miezi 9, si 12, kwa hiyo kila mwezi unabeba 12,800 hivi. Hapo hujamlipa askari wa getini, bowza la maji wala token za stima.

Sasa toa VAT. Vifaa vikiwa 60% ya gharama, ile 16% iliyomo ndani ni kama 50,000. Bei inateremka hadi 11,700. Ndiyo hiyo tu.

Rudisha VAT yote, halafu gusa mkopo. Riba ikishuka hadi 7% na muda ubaki miaka 10, unafika 9,500. Riba ibaki 14% na muda uwe miaka 20, ni 10,100. Vyote viwili kwa pamoja: 6,300. Nusu ya bei imo kwenye masharti ya mkopo, na huko ndiko mkono wa serikali ungefaa kuingia. Pesa ya kuanzia si ndoto: tozo ya nyumba, chini ya sheria ya 2024, inakata 1.5% ya mshahara na mwajiri anaongeza 1.5% nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaodai "hosteli zisamehewe VAT." Pango la nyumba ya makazi limeshasamehewa VAT! Na hapo ndipo shida ilipo. Ukisamehewa, hutozi VAT kwa mpangaji, lakini pia huwezi kudai kurudishiwa ile uliyolipa kwenye duka la hadiwea. Inakwama ndani ya jengo na mwanafunzi anailipa bila kuiona kwenye risiti. Kiwango cha sifuri, yaani VAT ya 0%, ni jambo tofauti kabisa: hapo unadai marejesho, kisha unapanga foleni. Anayechanganya hivi viwili asiandike memoranda ya bajeti.

Punguzo la kukata 10% ya gharama ya jengo la hosteli kila mwaka kwenye faida inayotozwa ushuru lipo kwenye sheria ya ushuru wa mapato. Zuri, ila linahitaji faida ya kulikatia, na hosteli yenye deni jipya mara nyingi haina faida miaka ya mwanzo.

Ardhi ya chuo cha umma? Bei unaiepuka, lakini benki itauliza hati ya kuweka rehani, na chuo hakiwezi kuitoa kirahisi. Bila mkataba mrefu wa kupangisha ardhi, mazungumzo yanaishia hapo.

Ile miezi 9 nayo ni kubahatisha. Mgomo wa wahadhiri ukigonga, ikawa 7, zile 12,800 zinakuwa 16,400. Kuna wanaotaka serikali ihakikishie mwenye hosteli vitanda kujaa. Mimi naona ndivyo mlipa ushuru anavyoishia kulipia vyumba vitupu.

Hata mkopo nafuu sijashawishika nao kikamilifu. Usipoufunga na ukomo wa bei, landilodi wa Ngara atachukua 7% yake na kutoza bei ya jirani. Ukiufunga, ataleta dabodeka ya pili kwenye chumba cha wawili, na atakayekwenda kuhesabu vitanda usiku hajaajiriwa bado.