Jumapili ya TV Uingereza miaka ya 50: tunavyodhani na ilivyokuwa kweli

Zile picha za zamani za familia ya Kiingereza imejikusanya mbele ya katelevisheni kadogo ndani ya kabati la mbao zinasambaa sana mtandaoni, na chini yake utakuta maelezo kibao ambayo mengi siyo kweli. Mimi hii historia naipenda, na kinachoniuma ni kwamba tunaisimulia kana kwamba wale watu walikuwa na TV yetu hii hii, tofauti ni rangi tu. Hapana jamani. Ilikuwa kitu kingine kabisa, na Jumapili ndo siku inayoonyesha hilo vizuri kuliko zote.

Eti Jumapili walikuwa wanashinda kwenye TV

Washinde wanaangalia nini? Saa za kurusha matangazo zilikuwa zinapangwa na serikali kupitia Postamasta Mkuu (waziri aliyesimamia posta na utangazaji), na katikati ya miaka ya 50 kila chaneli ilikuwa na kikomo cha saa kama 50 kwa wiki nzima. Jumapili kwa kawaida vipindi havikuanza kabla ya saa 8 mchana, asubuhi ukiwasha hamna kitu. Halafu jioni, kuanzia kama saa 12 na robo mpaka saa 1 na dakika 25, TV ilikuwa inapisha ibada, maana makanisa yalikuwa na hofu kwamba watu watabaki sebuleni badala ya kwenda kusali. Kuanzia 1956 huo muda ukaanza kujazwa vipindi vya dini, na ndo mazingira yaliyozaa Songs of Praise, kipindi cha nyimbo za ibada cha BBC kilichoanza tarehe 1 Oktoba 1961 kwenye kanisa la Tabernacle kule Cardiff. Serikali ilikuja kuachia masharti ya saa mwaka 1972, yaani fikiria, binadamu wameshafika mwezini na bado kuna mtu ofisini anakupangia saa ngapi uangalie TV.

Wengi wanachanganya hili pengo na lile lingine la saa 12 mpaka saa 1 jioni ambalo liliwekwa ili wazazi wapate nafasi ya kulaza watoto. Lile lilikuwa la siku zingine za wiki, na lilikufa Februari 1957 baada ya ITV, kituo cha binafsi cha huko Uingereza, kulilalamikia sana, kwa sababu ITV ilikuwa inaishi kwa matangazo ya biashara na saa moja ya giza kila jioni ni hela inapotea. La Jumapili lilikuwa la kanisa, na lenyewe halikuondoka kirahisi hivyo.

Eti tamthilia ya Jumapili usiku ilirekodiwa, ndo maana Alhamisi walikuwa wanairudia

Hii ndo inaniumiza zaidi, kwa sababu ukweli wake ni mtamu kuliko uongo. BBC walikuwa na tamthilia kila Jumapili usiku, inachezwa laivu studio, na Alhamisi waigizaji walewale wanarudi, wanavaa upya, wanapakwa vipodozi upya, wanacheza yote tena toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kanda iliyokuwa inarudishwa nyuma. Mashine za kurekodi video zilikuwa bado, njia iliyokuwepo ni kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini na kuipiga picha, ghali na ubora wake hafifu.

Chukua Nineteen Eighty-Four ya tarehe 12 Desemba 1954, kutoka kwenye riwaya ya George Orwell, Peter Cushing ndani, mwongozaji Rudolph Cartier. Watu waliona mateso na panya Jumapili usiku wakiwa wametulia majumbani, simu zikamiminika BBC, wabunge wakaja juu, wengine wakitaka marudio yasiwepo kabisa. BBC hawakurudi nyuma, Alhamisi tarehe 16 waigizaji wakaingia tena studio. Na nakala iliyobaki mpaka leo ni hiyo ya Alhamisi! Ile ya Jumapili, iliyozua kelele zote zile, haipo. Kwa hiyo pia wanaosema eti TV ya enzi hizo ilikuwa ya upole na ya kistaarabu muda wote, waanzie hapo.

Ulaivu wenyewe ulikuwa wa hatari. Tarehe 30 Novemba 1958, Jumapili vilevile, ITV wanarusha tamthilia inaitwa Underground kwenye mfululizo wao wa Armchair Theatre, katikati ya mchezo mwigizaji Gareth Jones akaanguka na kufariki wakati hayuko mbele ya kamera, na wenzake wakalazimika kuendelea, wanagawana maneno yake na kuziba mapengo hapo hapo mpaka mwisho. Hao watu walikuwa na moyo wa chuma.

Eti baada ya Malkia Elizabeth II kutawazwa 1953 kila nyumba ilikuwa na TV

Walioangalia kutawazwa walikuwa kama milioni 20, sawa, ila zaidi ya nusu yao hawakuwa kwao, walijazana kwa majirani na ndugu au sehemu za umma. Leseni za TV zilifika kama milioni 4.5 mwaka 1955 na kupita milioni 10 ikifika 1960.

Na ITV (ya kwao, msichanganye na ITV ya Mikocheni iliyokuja 1994) ilipoanza tarehe 22 Septemba 1955 ilikuwa ya London na maeneo ya karibu tu. Sunday Night at the London Palladium, lile onyesho kubwa la Jumapili usiku, lilianza siku tatu baadaye, Tommy Trinder akiwa mshereheshaji, na nchi nzima nje ya London haikuliona. Hata ukiwa London, TV ya zamani ilidaka BBC peke yake, ulihitaji kifaa cha kuongezea na antena nyingine juu ya paa.

Na zile klipu za miaka ya 50 zenye rangi tunazoziona mtandaoni?

Rangi ilianza BBC2 tarehe 1 Julai 1967 na tenisi ya Wimbledon, BBC1 na ITV wakafuata Novemba 1969. Ukikutana na klipu ya onyesho la studio la 1955 linang'aa rangi zote, ujue hiyo imepakwa juzi juzi na kompyuta.